Nukta ya Dakta Bahgat

Jumapili, 3 Machi

Rangi kila mahali! Kamati ya usalama wa mgonjwa inakuja tarehe kumi na mbili, basi mkurugenzi ameamuru wodi ya watoto ipakwe kijani. Watoto wanakohoa, mama zao wanakohoa, kichwa changu kinataka kupasuka. Ukungu wa ukutani haukuondolewa. Umevalishwa koti jipya tu.

Saa mbili asubuhi matroni wetu, Hajati Karima, alitukusanya. Fomu zote zijazwe. Kila safu, kila saa. "Safu tupu ni kosa, jamani. Safu iliyojaa ni kazi." Halafu akalitoa lile daftari kubwa la makosa, ambalo muuguzi akikosea dawa au kipimo anatakiwa aandike humo ili wengine wajifunze. Jeupe tangu mwanzo mpaka mwisho. Hata vumbi halina, maana hufutwa kila wiki.

Binti mmoja akauliza kama tuandike walau makosa mawili madogo, ionekane ni hospitali ya kweli. Hajati akamkazia macho. "Andika, mwanangu. Andika uone. Hamdiya aliandika, yuko wapi leo?"

Hamdiya yuko chumba cha kufulia. Alichukua dripu isiyo sahihi, akaligundua kosa mwenyewe kabla dripu haijamfikia mgonjwa, akaliandika mwenyewe. Mwanasheria wa hospitali alimkata mshahara wa siku kumi na tano, kisha wakamshusha kwenye mashuka na kuuchana ukurasa wake. Tangu siku hiyo hakuna aliyekosea. Mwaka mzima! Tumepewa na cheti, kimetundikwa mlangoni kwa mkurugenzi.

Nikacheka. Sikukusudia. Hajati akageuka — "Bibi Nukta ana la kuongeza?" — na wote wakaangua kicheko.

Nikarudi kwenye fomu zangu.

Jumatatu, 4 Machi

Miaka saba na jina hilo halijafa. Jana usingizi ulinikimbia kwa ajili yake, mtu mzima mimi.

Dakta Bahgat, mkuu wa wodi yetu, alisoma Ulaya akarudi na tai nyingi na namba za Kizungu. Sawa. Namba za Kizungu tunazisoma. Lakini ana tabia moja: kila akimaliza kuandika namba, anaigongea nukta. Tap! Kama anayepigilia msumari. Na hapa kwetu Misri mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba kijiti ni moja, na sifuri ni nukta. Kijiti na nukta ni kumi. Bahgat anaandika moja, sisi tunasoma kumi!

Nilimwomba aiache. Kwa adabu, ila mbele ya wanafunzi wake, na hapo ndipo nilipojichongea. Akavua miwani. "Jamani, Sista Inshirah ameamua kunifundisha kuandika. Ngoja nikae chini, mwalimu." Akakaa kweli! Juu ya kitanda cha mgonjwa, amekunja mikono kama mtoto wa shule. Wanafunzi walicheka mpaka machozi. Kwa Kiarabu chetu neno la nukta na neno la mzaha yanatofautiana kidogo tu kooni, basi nikawa Bibi Nukta, kwa maana zote mbili.

Hakuiacha. Tuliojifunza ni sisi. Kila muuguzi mgeni hunong'onezwa siku ya kwanza: nukta ya Bahgat si sifuri. Haijaandikwa popote. Nani ataiandika? Mimi?

Jumanne, 5 Machi

Tumeazimwa binti kutoka wodi ya upasuaji, maana wawili wetu wamekimbilia kazi za Ghuba. Anaitwa Taqwa. Miaka ishirini na miwili, pete ya uchumba kidoleni, na anauliza! Kwa nini hivi, kwa nini vile, dawa hii ya nini. Kuuliza si ujinga, sawa, lakini hapa ni ugonjwa. Atapona.

Nimempenda. Ananiita Dada Inshirah na ananipokonya mizigo. Nimemwonyesha bomba lisilofunga, kabati linalotaka kupigwa teke, na mama wa usafi asiyechokozwa. Nimemwambia pia: vipimo vya sukari vikiisha, kadiria kutoka kipimo cha mwisho ujaze, safu isiachwe wazi. Akanitumbulia macho. "Kukadiria, dada?" Nikamwambia, mwanangu, stoo wanatoa vipimo kumi kwa siku kwa wodi nzima, na siku ina saa ishirini na nne. Piga hesabu mwenyewe.

Kengele ya kitanda cha tano ikalia, tukaachana hapo. Yaliyobaki nitamwambia kesho.

Jumatano, 6 Machi

Taqwa zamu ya asubuhi, mimi ya jioni. Hatukuonana. Nimebandika picha kumi na nne za kunawa mikono. Sabuni hakuna tangu Jumapili.

Alhamisi, 7 Machi

Siwezi. Kesho.

Ijumaa, 8 Machi

Mume wangu Fathi ameenda msikitini. Nyumba iko kimya. Niandike sasa, kabla sijaanza kujidanganya.

Rukaya. Miaka mitatu, kilo kumi na moja. Aliletwa jana adhuhuri, anapumua kama aliyekimbizwa, mdomo unanuka tunda lililoiva kupita kiasi. Kisukari, na wazazi hawakuwa na habari. Hao tunawaweza. Wa namna hiyo tumewavusha mia. Mama yake alikuwa analia kwamba juzi usiku alimlisha asali nyeusi ya miwa kwa mkate, kijiko kimoja, kwa sababu mtoto alikuwa mnyonge. Mtu wa mapokezi akamwambia asali haina kosa, mama, ugonjwa huu hauletwi na kijiko.

Dakta Bahgat mwenyewe alimwona. Aliandika maagizo amesimama, funguo za gari mkononi, kliniki yake ya mjini inamsubiri. Insulini kwa mashine, uniti moja kwa saa. Moja! Akaigongea nukta yake, akaenda zake. Taqwa akasoma kijiti na nukta. Akaweka kumi.

Mimi niliingia saa nane mchana, mkuu wa zamu. Taqwa anaunga zamu mbili, watu hakuna. Akaniarifu: kitanda cha tatu, kisukari kipya, insulini kumi kwa saa, ameandika Dakta mwenyewe. Nikashtuka. Kumi, kwa mwili ule? Nikataka faili. Faili hakuna — karani ameyakusanya yote ofisini kwake ayapange vizuri kwa ajili ya kamati. Kamati ya usalama!

Ningeshuka kulichukua. Ni ghorofa mbili tu. Daktari wa zamu alikuwa mmoja kwa wodi tatu, amekwama kwa watoto wachanga. Basi nikainua simu nimpigie Bahgat kliniki. Namba naijua kichwani. Kabla haijaita nikaisikia sauti yake: ngoja nikae chini, mwalimu. Nikairudisha simu mahali pake.

Nilijiambia amesoma Ulaya, labda kuna utaratibu mpya. Nilijiambia hivyo huku najua kwamba najidanganya. Hili naliandika hapa kwa sababu sijui kama nitaweza kulisema mahali pengine.

Saa kumi mama yake alinifuata. Sista, mwanangu anatoka jasho mpaka shuka limelowa, na analala usingizi nisioujua. Nikamwambia mwache alale, mama, amechoka. Nilikuwa juu ya stuli, nabandika picha ya mwisho.

Saa kumi na moja kasoro mtoto akaanza kukakamaa. Tukakimbilia kipimo — vipimo vimekwisha! Tukaazima wodi ya jirani. Mashine haikutoa hata namba, ilitoa neno tu: chini. Tukamsukumia glukosi, daktari wa zamu akaja mbio amevaa kiatu kimoja, tukasukuma tena. Degedege likakatika baada ya muda mrefu. Alirudi. Mwili ulirudi. Macho yako wazi, lakini ukipitisha kidole mbele yake hayakifuati.

Karatasi ya vipimo ilikuwa imejaa vizuri. Saa nane, 310. Saa tisa, 290. Saa kumi, 265. Mwandiko mzuri wa Taqwa. Vipimo vilikuwa vimekwisha tangu saa saba. Alikadiria, kama nilivyomfundisha.

Faili liliporudi tulilifungua pamoja. Taqwa akaweka kidole juu ya nukta. "Dada, kwani si kumi? Si kumi hii?" Nikamwambia hiyo ni nukta tu. Ni tabia yake. Wote tunajua.

"Wote nani?" akaniuliza.

Jumamosi, 9 Machi

Bahgat amepita asubuhi na msafara wake. Alisimama kitanda cha tatu dakika mbili. Akachukua faili, akaingia nalo ofisini, akafunga mlango.

Lilipotoka nikalifungua. Karatasi ya maagizo ni mpya. Haina hata kunjo. Dawa zilezile, tarehe ileile, sahihi yake ileile, na insulini moja kwa saa. Moja safi, iliyosimama peke yake. Nukta haipo! Miaka saba nimeomba aiondoe na leo ameiondoa.

Kisha akawaita wazazi kwenye korido. Nilikuwa karibu, nimeshika sinia la dawa. Akamwambia baba mtu kwa sauti ya upole kabisa: sukari ilipanda ghafla ikapiga ubongo, na kwa namna alivyosimuliwa, mtoto alilishwa asali. Ni kadari ya Mungu, bwana, lakini mama naye angekuwa mwangalifu.

Baba yake Rukaya ni fundi vigae, mtu wa maneno machache. Aligeuka akamtazama mkewe tu. Mke akaanza kusema, kijiko kimoja, Wallahi kijiko kimoja, na alikuwa ananitazama mimi. Sinia lilikuwa zito. Nikaingia stoo nikakaa juu ya boksi la dripu.

Jumapili, 10 Machi

Taqwa ameitwa kwa mwanasheria. Alirudi uso umevimba. Karatasi ya dakta inasema moja, mashine inasema kumi, na safu zimejazwa vipimo ambavyo havikupimwa. Nani atamwamini? Mwanasheria amemwambia huo ni uzembe na kughushi, na kwamba kughushi kuna jela.

Nilimkuta nyuma ya mashuka. Akanishika mikono. "Dada, wewe uliiona nukta. Tuliiona wote. Utasema?"

Nikasema nitasema.

"Na habari ya kukadiria? Kwamba ndivyo tunavyofanya?"

Nikasema na hiyo nitasema. Akanibusu bega. Nilijiona mkubwa kwa muda wa kushuka ngazi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemweleza Fathi yote. Aliacha kula. Akauliza nina ushahidi gani. Sina. Akauliza nani mwingine aliiona ile karatasi ya kwanza. Taqwa, basi. Akasema, "Mwenye nguvu mpishe, Inshirah. Huyo ana mkurugenzi mfukoni. Wewe una nini?" Nikamwambia nina miaka kumi na tisa ya kazi. Akasema ndiyo hiyo watakayoichukua.

Hajati Karima naye amenivuta pembeni. Hajui nilichomwahidi Taqwa, au anajua. Funika kombe mwanaharamu apite, amesema. Kamati ikishaondoka tutakaa tuongee kama watu wa nyumba moja. Ana mkono wa baridi, Hajati, na alinishika shavu kama mtoto.

Rukaya anakojoa kitandani. Kabla ya hapa alikuwa ameshaacha, mama yake anasema. Amenieleza mara tatu, kwa aibu, nisije nikamdhania vibaya.

Jumanne, 12 Machi

Kamati! Watu wanne, suti tatu na mtandio mmoja. Rukaya amehamishwa alfajiri chumba cha mwisho, pazia limefungwa, mlangoni pameandikwa UKARABATI. Mama yake ameambiwa asitoke, kwa faida ya mtoto. Sabuni imepatikana. Hata maua yapo.

Bwana mmoja mwenye kalamu ya dhahabu alinisimamisha mimi. Kati ya wote, mimi! "Sista, mkilitilia shaka agizo la daktari mnafanyaje?"

Jibu liko ukutani, nimelibandika mwenyewe. Nikasema: tunasimama, tunauliza, hatutoi dawa mpaka tujibiwe.

Akaandika. Halafu akainua kichwa, na uso wake haukuwa mbaya. "Na kweli huwa mnauliza?"

Bahgat alikuwa nyuma yake, mikono mfukoni. Hajati pembeni. Taqwa hayupo, amepewa likizo ya lazima. Kutoka pale mpaka chumba cha mwisho ni hatua ishirini. Ningemshika mkono tu nimpeleke.

"Sana, bwana," Hajati akajibu. "Wanauliza mpaka wanatuchosha." Wakacheka wote. Bwana akafungua daftari la makosa, akapekua kurasa nyeupe moja baada ya nyingine, akasema mashallah.

Nimejifungia bafuni nyumbani nikalia kwa hasira. Si kwao. Kwangu.

Alhamisi, 14 Machi

Zamu yangu kwa mwanasheria. Nilivaa nguo nzuri kama naenda kuposwa.

Na nilisema! Naliandika hapa ijulikane hata na karatasi hii: nilisema. Nikasema agizo la kwanza lilikuwa na nukta. Nikasema kwa macho yetu nukta ni sifuri. Nikasema wodi nzima inajua, tangu miaka saba. Nikasema kukadiria vipimo nilimfundisha mimi, na mimi nilifundishwa hivyo na walionitangulia.

Mwanasheria ni kijana, ana mafua, anajifuta pua kwa leso ya karatasi. Karani wake ndiye anayeandika. Nikagundua jambo: nikimtaja Taqwa, kalamu inatembea. Nikimtaja Bahgat, kalamu inalala. Nikamwuliza karani, mbona huandiki? Mwanasheria akajibu yeye. "Hilo si swali nililouliza, Sista."

Akasogeza karatasi ya maagizo. Hii hapa. Ina nukta?

Haina, lakini —

"Andika: shahidi anasema haina."

Tukaenda hivyo karibu saa nzima. Mwishoni akanisomea maelezo yangu. Muuguzi Taqwa aliweka kumi mahali pa moja. Kweli. Muuguzi Taqwa alijaza safu bila kupima. Kweli. Vipimo vilikuwa vimekwisha na hakuomba msaada. Kweli. Hakuna neno la uongo hata moja, na yote kwa pamoja ni uongo mtupu.

Nikasema sitii sahihi mpaka yaongezwe niliyosema. Akajifuta pua. Hakukasirika. Akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayenitakia mema: "Wewe ndiye uliyekuwa mkuu wa zamu, sivyo? Umesema uliposikia kumi ulishtuka. Saa nane. Mtoto akakakamaa karibu saa kumi na moja. Kwa nini hukupiga simu?" Akamgeukia karani, kisha akanigeukia mimi. "Tuliandike na hilo?"

Nikaivuta kalamu ya karani.

Nikatia sahihi.

Ijumaa, 15 Machi

Taqwa amepiga simu mara sita. Sikupokea.

Jumapili, 17 Machi

Imekwisha. Taqwa amesimamishwa, karatasi zake zimepelekwa kwa mwendesha mashtaka. Jina langu liko chini ya maelezo, la kwanza kati ya mashahidi. Mama wa mchumba wake amekuja kudai pete. Haya nimeyasikia kwa mama wa usafi, aliyenisimulia huku anapiga deki, bila kuniangalia.

Makabati yetu hayana kufuli. Kwenye lake kuna glavu za sufu, chupa ya maji, na kijitabu alichoandika maswali. Ukurasa wa mwisho: "Kumwuliza Dada Inshirah: kwa nini Dakta B. anaweka alama baada ya namba?" Tarehe 6. Jumatano ile ambayo hatukuonana.

Nilikaa chini sakafuni. Hajati akanikuta, akasema simama, sakafu ina dawa.

Bahgat alipita saa nne na msafara wake. Kitanda cha tano, dawa ya moyo, nusu kidonge, tap. Kitanda cha saba, dripu, tap. Tap! Wametuletea binti mwingine, wa wodi ya homa. Nikamfuata chooni nikamnong'oneza. Akaitikia kwa kichwa tu. Huyu haulizi, na kwa aibu yangu nilishukuru.

Jumatano, 20 Machi

Rukaya ameruhusiwa. Hakuna zaidi tunachoweza, amesema Bahgat, na kitanda kinahitajika. Nimemfundisha mama yake kulisha kwa mpira wa puani. Ana akili nyepesi, mara moja tu akashika. Anamwimbia mtoto wakati maziwa yanashuka. Mtoto hamtazami.

Baba yake alimbeba mwenyewe mpaka nje. Mama alifuata nyuma na mfuko wa nguo. Mkwewe alikuja pia, bibi mnene mwenye shungi jeusi, na kwenye ngazi nilimsikia akisema kwa nguvu, watu wasikie: "Asali! Mtoto wa watu kaliwa na kijiko."

Sikukimbia kuwafuata. Nilisimama dirishani.

Mchana Hajati alitugawia keki. Kesho ni Siku ya Mama na kila wodi imechagua Mama wa Mfano. Wetu ni mimi. Amenipendekeza Dakta Bahgat, kwa uaminifu na utulivu. Mimi ambaye sijazaa! Wamepiga makofi. Kuna cheti, kina ua pembeni, na jina langu limeandikwa kwa wino wa dhahabu. Nilisema asante. Nilikula keki.

Alhamisi, 21 Machi

Yuko sebuleni kwangu. Mama Rukaya. Naandika jikoni, nimesimama, daftari liko juu ya ubao wa kukatia vitunguu.

Fathi kazini. Mlango uligongwa saa nne, nikadhani ni jirani. Ameuliza nyumba yangu kwa mtu wa famasia. Ameleta fitiri, chapati nene ya siagi, aliyoioka mwenyewe, imefungwa kwa kitambaa, bado ina moto. Leo ni Siku ya Mama, akasema, nimeona nije nimshukuru yule aliyenirudishia mwanangu. Akataka kunibusu mkono. Niliuvuta kwa nguvu mpaka akashtuka.

Akakaa kwenye ukingo wa kiti. Jana hiyohiyo mumewe alimpitisha nyumbani kwao, kwa baba yake, akamteremsha na mfuko wake wa nguo. Rukaya amepelekwa kwa bibi yake mzaa baba. Wamesema mkono uliomlisha asali hautamgusa tena. Hawajui kumlisha kwa mpira! Ulinionyesha mimi, Sista, akasema, hukuwaonyesha wao. Kila mlo mpaka sasa hajui wamefanyaje. Alikwenda asubuhi akagonga, hawakufungua. Alimsikia mtoto akipaliwa ndani.

Hakulia. Ningependa angelia.

"Sikuja kuuliza mengi, dada yangu. Wewe ulikuwepo. Dakta ni mtu mkubwa, yeye simwulizi. Niambie wewe tu, na nikijua nitanyamaza. Ni ile asali?"

Nikasema, ngoja nikuletee chai.

Neno moja tu linatosha: hapana. Nikilisema atauliza, basi ni nini? Na nikimjibu hilo, mumewe atakuwa hospitali kabla ya adhuhuri, na mwanasheria mwenye mafua atafungua faili, atamwonyesha maelezo yenye sahihi yangu. Ndipo litaandikwa na lile la simu nisiyoipiga. Nikisema ndiyo, au nikisema ni kadari, atanyamaza kama alivyoahidi. Ni mtu wa kutimiza, naona. Atakwenda nalo mpaka kaburini, na mtoto atabaki kwa watu wasiojua kushika mpira.

Maji yamechemka. Nimeyamwaga, nimeteka mengine.

Anaita. Anauliza kama aje anisaidie.

Nimemwambia kaa tu mama, nakuja. Nimepunguza moto.